Kuvuja Kuna Aina Zake: Mkojo na Haja Kubwa Hedhi Inapokoma

Katika hitima, maulidi na shughuli za harusi hapa Mombasa hakosekani mama wa makamo ambaye hukubali kila kitu isipokuwa kusogezwa mbele. Akiitwa akae karibu na wenyeji, husema kwamba pale mlangoni panamtosha kwa kuwa pana upepo. Anachokitafuta kwa hakika ni njia fupi ya kwenda msalani, na ndani ya mkoba wake mna leso iliyokunjwa vizuri pamoja na nguo ya ndani ya akiba. Jirani yangu mmoja wa Majengo aliishi hivyo kwa karibu miaka mitatu kabla ya kuniambia, na siku aliponiambia alinong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu jikoni, yeye yuko juu ya mbuzi akikuna nazi nami namenya vitunguu. Alikuwa na miaka 53. Alikuwa amekwenda zahanati moja, akaeleza nusu ya habari yake kwa haya, akajibiwa kwamba huo ni utu uzima na kwamba atazoea.

Jibu hilo lina makosa, na linatolewa mara nyingi mno. Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa kunawapata wanawake wengi wa umri huo, lakini wingi wa wenye tatizo haulifanyi kuwa jambo lisilo na tiba. Kinachowapoteza wengi ni kwamba neno moja, kuvuja, linabebeshwa mambo manne au matano yasiyofanana, ambayo kila moja lina chanzo chake na matibabu yake, na mara nyingine dawa inayolitengeneza moja hulizidisha la pili. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya pedi, kabla ya dawa na kabla ya kusikiliza ushauri wa shoga, ni kutambua kinachovuja, kinavuja lini, na kwa nini.

Kibofu cha mtu mzima huchukua kiasi cha mililita 400 hadi 600 za mkojo, na hisia ya kwanza ya haja ndogo huja kikiwa hakijafika hata nusu. Wakati kinajaa, ukuta wake wa misuli hutakiwa utulie, huku mrija wa kutolea mkojo ukiwa umefungwa chini. Haja kubwa nayo ina misuli miwili ya mviringo inayoifungia njia: wa ndani hubana wenyewe bila kuagizwa, na wa nje hubanwa na mtu kwa hiari yake anapohisi kwamba bado hajafika chooni. Chini ya viungo vyote hivyo, yaani kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo, imetandazwa misuli inayoanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Wataalamu huiita sakafu ya nyonga. Mimi huifananisha na kamba za kitanda: zikiwa zimekazwa, aliyelala hushikwa sawasawa, zikilegea upande mmoja, huzama upande huo.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma miezi 12 ikipita mfululizo bila damu, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni, ambayo ovari hupunguza kuitengeneza katika kipindi hicho, haikuwa ikifanya kazi ya uzazi peke yake. Ndiyo iliyokuwa ikiinenepesha ngozi laini ya uke na ya mrija wa mkojo, kuzilisha kwa damu, na kuwahifadhi bakteria wema wanaoufanya uke uwe na ukali kidogo wa asidi unaozuia maambukizi. Inapopungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, mrija haufungi kwa ulaini wa zamani, kibofu huwa chepesi kukasirika, na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kurudi kila baada ya miezi michache.

Hata hivyo si haki kuitwika hedhi lawama yote. Tafiti zinaonyesha kwamba kuzaa kwa njia ya kawaida, uzito wa mwili na umri vina mchango mkubwa sana, hasa kwa kuvuja kunakoletwa na kikohozi na kunyanyua mizigo. Mama aliyechanika vibaya katika uzazi wake wa kwanza akiwa na miaka 22, pengine hadi kwenye msuli wa haja kubwa, huweza kuishi miaka 30 bila dalili yoyote, kwa kuwa misuli iliyobaki ilikuwa na nguvu ya kuifidia ile iliyoharibika. Nguvu hiyo inapopungua ndipo jeraha la zamani huonekana. Mila zetu za arobaini zina hekima nyingi: mzazi hupumzishwa, hukandwa, hupikiwa vya kumtia nguvu, hufungwa mkaja. Lakini mkaja hushika tumbo kwa nje na kule chini haufiki, na ni wachache katika mama zetu walioambiwa na mkunga au somo kwamba misuli ya chini nayo inahitaji kurudishiwa kazi yake baada ya uzazi.

Sasa tuzitenge aina. Ya kwanza ni kuvuja kwa msukumo. Mkojo hutoka pale tumbo linapobanwa: kwa kukohoa, kupiga chafya, kucheka sana, kuinuka kutoka kwenye busati, au kunyanyua mtungi wa lita 20, ambao ukijaa, maji yake peke yake yana kilo 20. Katika mitaa ambayo maji ya mfereji hutoka kwa zamu, mama hununua kwa mwenye mkokoteni kisha huipandisha mitungi ngazini mwenyewe, na nguo yake hulowa hata kabla hajafika ghorofa ya kwanza. Kinachotoka huwa kidogo, na hakitanguliwi na haja yoyote. Hapa uzito wa mwili una maana kubwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wanawake wanene waliopunguza kiasi cha asilimia 8 ya uzito wao kwa miezi sita walipungukiwa na matukio ya kuvuja kwa asilimia 47 kwa wiki, wakati wenzao waliopewa mafunzo tu walipungukiwa kwa asilimia 28. Kwa mwanamke wa kilo 90, asilimia 8 ni kilo saba na kidogo, jambo linalowezekana bila kujinyima chakula cha nyumbani, iwapo mahamri, vyakula vya kukaanga na vinywaji vya sukari vitapunguzwa.

Kikohozi nacho hakina budi kutafutiwa chanzo, kwa kuwa hakuna msuli unaoweza kushindana na kifua kinachokohoa usiku na mchana. Pumu, moshi wa makaa, sigara na kifua kikuu hufikiriwa upesi. Kinachosahauliwa ni dawa. Dawa za presha za jamii ya enalaprili na kaptoprili huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu kisichokwisha, na mgonjwa huongezewa dawa ya kifua juu ya dawa ya presha, asitokee mtu wa kuunganisha mambo hayo mawili.

Aina ya pili ni kuvuja kwa haraka. Hapa kibofu hujikunja kabla ya wakati wake, na mtu hushikwa na haja ya ghafla isiyompa nafasi. Wanaopatwa na hali hii wanaijua vizuri habari ya ufunguo. Mama ametoka Marikiti na kikapu chake, njia nzima yuko salama, kwenye tuktuk yuko salama, lakini anapofika mlangoni pake na kuutia ufunguo kwenye kufuli, haja humjia kwa kishindo na mkojo humtoka hapo hapo kizingitini. Hakuna uchawi ndani yake. Ubongo umezoea kwamba mlango wa nyumbani maana yake ni choo, ukakiruhusu kibofu mapema. Sauti ya maji yanayomiminwa ndooni hufanya vivyo hivyo. Kukimbia katika dakika hiyo ni kosa, kwa sababu hatua za mbio hutikisa kibofu na kulegeza umakini. Mtu asimame tuli, au akae kama pana pa kukaa, abane misuli ya chini kwa haraka mara tano au sita, apumue taratibu, asubiri wimbi lipite, kisha ndipo atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Mara za kwanza huenda akashindwa. Wimbi lenyewe, hata hivyo, hupita, na kulijua hilo kwa mwili wako ni mwanzo wa kupona.

Mafunzo ya kibofu yamejengwa juu ya jambo hilo. Kwenda haja ndogo hadi mara saba au nane mchana ni kawaida, na zaidi ya hapo ni dalili kwamba kibofu kimejizoeza kushika kidogo. Anayekwenda kila baada ya saa moja hujiongezea robo saa, akizoea huongeza robo nyingine, hadi afikie saa tatu au nne. Kazi hii huhitaji wiki sita kwa uchache. Adui yake mkubwa ni ile tabia ya kwenda chooni kwa tahadhari, kabla ya kutoka, kabla ya kupanda matatu, kabla ya kuvuka feri ya Likoni, hata kama haja haipo, kwa maana kila safari ya namna hiyo hukifundisha kibofu kwamba kujaa nusu ni kujaa.

Wengi huwa na aina zote mbili kwa pamoja, na huanza na ile inayowasumbua zaidi. Iko pia aina ya kufurika, ambapo kibofu hakijimwagi vizuri kikabaki kimejaa na kumwaga ziada kidogo kidogo. Kisukari cha muda mrefu kinachoharibu neva, kizazi kilichoshuka na kuuziba mrija, na choo kigumu kilichorundikana vyote huweza kuleta hali hiyo. Huyu akipewa dawa ya kukituliza kibofu huzidi kudhurika, na ndiyo sababu kununua dawa ya mwenzako dukani si jambo la busara hata kidogo.

Kuhusu maji, nitasema wazi kwamba kujinyima ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. Jasho la Mombasa peke yake humkausha mtu, na mama anayejizuia kunywa tangu asubuhi ili afike Kongowea na kurudi bila aibu hubaki na mkojo mzito wa rangi ya kahawa nyepesi, ambao huuchoma ukuta wa kibofu na kukifanya kijikunje mara nyingi zaidi. Choo chake nacho hukauka. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinawatosha wengi, zikigawanywa tangu asubuhi na kupunguzwa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Cha kupunguza ni kafeini: chai ya rangi kikombe baada ya kikombe, kahawa tungu ya jioni, na soda za kola. Mwezi wa Ramadhani huhitaji mpango wake, kwa kuwa maji yote ya siku huingia kati ya futari na daku. Ni afadhali kunywa glasi moja moja kwa vipindi kuliko kumaliza jagi zima wakati wa kufuturu kisha kusimama tarawehe kibofu kikiwa kimefura. Anayeamka usiku mara tatu au nne atazame miguu yake jioni. Ikiwa imevimba kwa kusimama kutwa, maji yale hurudi kwenye damu anapolala na kuwa mkojo, na kuinyanyua miguu juu ya mto alasiri kwa saa moja hivi huyatoa kabla ya usiku. Wengine huamshwa na joto la ghafla la ukomo wa hedhi, wakishaamka ndipo wakahisi haja, wakadhani kibofu ndicho kilichowaamsha.

Haja kubwa ndiyo inayofichwa kabisa. Mwanamke atakubali kumwambia dada yake kwamba mkojo unamtoka, lakini kwamba choo chepesi kimemchafua ndani ya matatu, au kwamba upepo unamtoroka kila anapoinama katika rukuu na sijda, hilo hulibeba peke yake. Wapo walioacha kusali jamaa kwa sababu hiyo, na wapo wenzao wa Changamwe na Kisauni waliohamia benchi la mwisho kanisani. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonyimwa maneno.

Hapa pia kuna aina. Yupo anayehisi haja ikija lakini hana muda wa kufika, na huyo mara nyingi msuli wake wa nje ni dhaifu au choo chake ni chepesi mno. Yupo asiyehisi chochote, akakuta alama kwenye nguo baadaye, na huyo mara nyingi msuli wa ndani ndio ulioharibika. Na yupo wa tatu, anayewadanganya hata madaktari: choo kigumu kimejirundika na kuziba, kisha maji maji yakapita pembeni yake na kuvuja, mgonjwa akadhani anaharisha. Akipewa dawa ya kufunga tumbo, mambo huharibika zaidi. Ukiona kuvuja kwa maji maji kumekuja baada ya siku nyingi za kutopata choo vizuri, mwambie daktari habari zote mbili, na mwache apime kwa kidole kama ilivyo desturi ya uchunguzi huo.

Msuli uliodhoofika huweza kushika choo kilichoshikamana, na hushindwa na choo cha maji. Kwa hiyo nusu ya matibabu ni kukirekebisha choo chenyewe kiwe laini na chenye umbo. Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, dengu, mchicha na matunda husaidia, zikiongezwa kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi. Maganda ya isabgoli, yanayouzwa katika maduka ya dawa na ya vikolezo, yana sifa ya kunyonya maji yakawa kama uji mzito, ndiyo maana huwafaa wenye choo kigumu na wenye choo chepesi pia, mradi yanywewe na maji ya kutosha. Kinyume chake, sanamaki na haluli, ambazo nyumba nyingi za Pwani huzitumia kusafisha tumbo kila mwezi, humletea mwenye msuli dhaifu fedheha ambayo angeweza kuiepuka. Pilipili kali na achari huwaharakisha wengine, na maziwa huwasumbua wasioyameng'enya. Dawa ya kisukari ya metformini nayo hulegeza choo cha baadhi ya watu, na daktari akiambiwa huweza kubadilisha kipimo au kumpa ile inayoyeyuka polepole. Pale ambapo choo chepesi hakina ugonjwa nyuma yake, loperamaidi kwa kiasi kidogo, kwa maelekezo ya mtaalamu, humwezesha mtu kusafiri au kukaa harusini kwa utulivu.

Wakati nao una siri yake. Utumbo huamka baada ya chakula, hasa cha asubuhi, na nusu saa baada ya staftahi ndiyo saa nzuri ya kwenda chooni bila haraka. Choo cha kuchutama humweka mtu katika mkao mwema wa kujimwaga. Anayetumia cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, aegemee mbele kidogo, na asijikamue. Kujikamua kwa miaka mingi huinyoosha sakafu ya nyonga na neva zake, na hapo ndipo haja kubwa na haja ndogo zinapokutana: utumbo uliojaa choo kigumu hukisukuma kibofu kwa nyuma na kukinyima nafasi. Nimemjua mama aliyehangaika na mkojo wa haraka mwaka mzima, ukapungua sana alipotibiwa kufunga choo peke yake.

Yaliyobaki yanazihusu haja zote mbili. Mazoezi ya sakafu ya nyonga yalielezwa na daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo matibabu ya kwanza yanayopendekezwa, ingawa wengi huyafanya vibaya. Kaa au lala, ujifanye unazuia upepo usitoke, kisha uvute mbele kana kwamba unakatiza mkojo, ukiinua kwenda juu na ndani. Makalio na mapaja yasikaze, pumzi isizuiwe, na tumbo lisisukume chini. Ukisukuma chini unafanya kinyume kabisa. Bana kwa hesabu ya sekunde chache, ukipanda polepole hadi kumi, kisha legeza kwa muda ule ule, kwa maana kulegeza nako ni zoezi. Mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu, ndicho kipimo cha kawaida, ukiongeza mibano ya haraka kwa ajili ya kikohozi na chafya. Usiyafanye kwa mazoea wakati unakojoa, maana hilo hukifundisha kibofu kutojimwaga. Na jifunze kubana kabla ya tukio: kabla hujaunyanyua mtungi, kabla ya chafya, kabla ya kuinuka kwenye mbuzi. Anayehisi maumivu akibana, au anayeumia katika tendo la ndoa, huenda misuli yake imekaza kupita kiasi, na yeye humhitaji mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuongeza hata mbano mmoja.

Juu ya homoni pana mkanganyiko unaostahili kuondolewa. Estrojeni ya kumeza na ile ya kuwekwa ukeni haziwi sawa katika jambo hili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2005, uliowahusisha wanawake wa miaka 50 hadi 79, ulionyesha kwamba homoni za kumeza ziliongeza uwezekano wa kuvuja mkojo. Krimu au tembe ndogo ya estrojeni inayowekwa ukeni, kinyume chake, hurudisha unene wa ngozi, hupunguza haraka ya mkojo na maambukizi yanayojirudia, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ajadiliane kwanza na daktari wake. Kujiosha ndani kwa sabuni na dawa za kuua vijidudu, au kujifukiza, hukausha ngozi ambayo tayari imekauka. Maji safi kwa nje, kutoka mbele kwenda nyuma, yanatosha.

Zipo dawa za kukituliza kibofu, kama oksibutinini, lakini hukausha kinywa, hufunga choo, na kwa wazee huweza kutia ukungu katika kumbukumbu, kwa hiyo huja baada ya mafunzo ya kibofu. Kizazi kilichoshuka huweza kushikiliwa kwa pete ya silikoni inayotiwa na daktari na kusafishwa kwa vipindi. Upasuaji upo kwa kuvuja kwa msukumo, kwa kizazi kilichoshuka na kwa msuli wa haja kubwa uliokatika, na huamuliwa baada ya hayo mengine kujaribiwa.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa mjini, swali la udhu huwa zito kuliko la hospitali. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa Pwani, mtu ambaye hadathi yake, yaani kinachomtengulia udhu, haikatiki ana hukumu yake: hujisafisha, huweka kitambaa au pedi, hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali bila kuchelewa, na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala yake. Hurudia hivyo kwa kila faradhi. Anayevuja mara moja moja ana hukumu nyingine, na ustadhati anayeaminika atamweleza. Inaniuma kwamba wapo mama walioacha msikiti kwa miaka, wakati ruhusa ya kusali iliandikwa karne nyingi kabla hawajazaliwa.

Pedi za hedhi hazikutengenezwa kwa mkojo. Hulowa upesi na kuichoma ngozi. Zile za mkojo na nepi za watu wazima hunyonya vizuri lakini bei yake ni mzigo, na vitambaa vya pamba laini vilivyofuliwa na kuanikwa juani vikakauka kabisa bado vinafaa kwa anayevuja kidogo. Katika unyevu wa hewa ya huku kitambaa kilichokauka nusu huleta fangasi. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe kwa kugusagusa, ipakwe mafuta ya mgando kwa wepesi.

Yapo mambo yasiyongojewa. Damu katika mkojo, damu yoyote ya ukeni baada ya hedhi kukoma, damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, au uvimbe unaotokeza ukeni, vyote vinahitaji uchunguzi. Kwa aliyekulia Kwale, Kilifi au bonde la Mto Tana akioga katika mabwawa na mito, damu ya mkojo huweza kuwa kichocho, ambacho kina dawa yake. Mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kukatika, hasa tangu uzazi wa taabu au upasuaji, huweza kuwa fistula, na mazoezi hayaizibi, hiyo hushonwa. Na ganzi ya ghafla kati ya mapaja, miguu kukosa nguvu, au mkojo kukataa kabisa kutoka, ni jambo la kukimbizwa hospitalini saa ile ile.

Kabla ya kwenda kwa daktari, kinachosaidia kuliko vipimo vingi ni daftari la siku tatu: umekunywa nini na kiasi gani, umekwenda haja saa ngapi, umevuja lini, ulikuwa ukifanya nini, choo kilikuwaje, na dawa zote unazomeza, za hospitali na za mitishamba. Jirani yangu aliandika lake nyuma ya daftari la hesabu la mjukuu wake. Alipokwenda mara ya pili, katika kituo kingine, hakueleza nusu ya habari. Aliufungua ukurasa na kusoma sentensi ya kwanza kwa sauti yake ya kawaida, kwamba mkojo unamtoka akikohoa, na kwamba anakohoa tangu alipoanzishiwa dawa ya presha. Daktari aliomba aione hiyo dawa. Aliitoa mkobani, chini ya ile leso. Ilikuwa enalaprili.